Niliitwa kushikilia miezi mitatu, huu ni mwaka wa nane

Kwa Mhariri,

Nimeisoma mara mbili barua ya mzazi mliyoichapisha wiki iliyopita, aliyelalamika kwamba shule za umma zimejaa "makanjanja wa bodi", yaani wababaishaji walioingizwa darasani na bodi za shule bila kuajiriwa na serikali, na kwamba anayeshikilia nafasi ya mwalimu aliye likizoni asiruhusiwe kupitisha muhula mmoja darasani. Mara ya kwanza niliisoma kwa hasira, nikiwa ndani ya matatu ya Bamba. Mara ya pili niliisoma usiku watoto wamelala, nikaona kuna mahali amesema kweli na mahali amepotea njia. Mimi ni mmoja wa hao anaowasema. Naomba unipe nafasi kubwa kidogo kuliko mliyozoea kuwapa wasomaji, na jina langu ulihifadhi, kwa sababu kibarua changu hakina barua na kinaweza kwisha kwa neno la mdomo kama kilivyoanza.

Kilianza hivi. Januari 2018 nilikuwa nyumbani, Ganze, Kilifi, hapa pwani ya Kenya, na shahada yangu ya ualimu wa Kiswahili na Historia, pamoja na nambari ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) niliyokuwa nimekaa nayo miaka miwili bila kuitumia. Katika shule moja ya sekondari ya kutwa, mwendo wa bodaboda ya shilingi mia na hamsini kutoka kwetu, mwalimu wa Kiswahili alikuwa amejifungua. Mwalimu mkuu alinipigia simu Jumapili jioni. "Mwalimu, njoo utushikilie miezi mitatu tu, mwenzako arudi." Shilingi 9,000 kwa mwezi. Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa langoni, na kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi nilikuwa ndani ya kidato cha tatu na chaki moja na kitabu cha kuazima.

Mwenzangu alirudi Aprili, mtoto ana afya, nikaanza kukusanya daftari zangu. Wiki hiyohiyo mwalimu wa Historia akapata barua ya uhamisho. Ule ndio mwaka walimu wengi walipohamishwa kupelekwa mbali na kwao. "Tushikilie kidogo," mkuu akasema. Tangu hapo nimeshikilia nafasi ya aliyehamishwa, ya aliyekwenda masomoni, ya aliyeugua mgongo kwa mihula miwili, na tangu 2023 ninashikilia ya mzee wetu aliyestaafu akiwa na miaka 60 na ambaye kiti chake hakijapata mwenyewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza. Kinachosubiriwa mpaka leo ni mtu wa kusema kwamba si mgeni tena.

Katika chumba cha walimu, kila meza ina mwenyewe. Miaka mitatu ya mwanzo vitabu vyangu vilikaa dirishani, na mvua ya upepo ikija navihamisha. Mwaka wa nne nilipewa mtoto wa meza mmoja, wa chini kabisa, katika meza ya mwalimu wa Kilimo. Nilifurahi kama niliyekatiwa kiwanja.

Sasa hilo neno kanjanja, maana ndilo lililoniuma. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 haina kona kona: mtu asifundishe bila kusajiliwa. Kwangu mimi niliyepitia njia ya shahada, usajili ulitaka wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, na C+ nyingine katika kila mojawapo ya masomo mawili ninayofundisha. Nilikuwa nazo. Shuleni kwetu tuko walimu watano wa bodi, na wanne kati yetu tuna nambari. Tulisoma vyuo vilevile na wale wa TSC, tukafanya mazoezi ya kufundisha katika shule zilezile, wengine tulilala bweni moja. Kilichotutenganisha ni kwamba wao nafasi ilitangazwa siku yao ikafika, sisi bado.

Wa tano ndiye mwenye mjadala. Anafundisha Fizikia. Ana shahada ya uhandisi, hajawahi kusomea ualimu, na watoto wanampenda kwa sababu alifungua redio mbovu ya mlinzi mbele yao akawaonyesha kila kitu kilichomo. Mkuu alikuwa amebandika tangazo kwenye ubao wa ofisi ya chifu kwa mwezi mzima akitafuta mwalimu wa Fizikia mwenye nambari, kwa shilingi 10,000. Hakuja hata mmoja. Mzazi aliyeandika angefanya nini angekuwa mkuu? Mimi sijui ningefanya nini, na sisemi hivyo kumtetea mhandisi wetu. Kufikia sasa bado anamaliza silabasi wiki tatu nyuma ya wenzake kwa sababu hakufundishwa kupanga maazimio ya kazi.

Na hapa lazima nikiri jambo ambalo mkuu wangu wa sasa halijui.

Mei 2019 nilijifungua mtoto wangu wa pili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara wake kamili. Mimi niliyeingia shuleni kupitia likizo ya uzazi ya mwingine nilikwenda kuulizia yangu. Mkuu wa wakati huo alikuwa mtu muungwana. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mwalimu, ya bodi haina hiyo. Ukitoka itabidi nitafute mtu, na huyo mtu akishaingia..." Hakumalizia. Wala hakuwa na haja ya kumalizia.

Nilikaa nyumbani wiki tano. Ili kiti kisipate mtu mwingine, nilimweka kijana wa jirani. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, amepata C+, anangoja kwenda chuo kikuu Septemba. Nilimpa 4,000 kutoka katika zile 9,000 zangu, nikampa daftari la maandalio, nikamwambia, "Fuata hili, usiongeze kitu." Kijana alikuwa na adabu zake. Alifika kabla ya kengele, alivaa tai ya marehemu babake, na kidato cha kwanza walimpenda kuliko walivyonipenda mimi.

Lakini aliongeza kitu. Walipofika ngeli ya KI-VI, aliwaambia kwa moyo safi kabisa kwamba kila neno linaloanza na KI liko humo. Kiatu kimepotea, kiti kimevunjika, kipofu kimevuka barabara, kiboko kinaogelea. Kwa mantiki yake alikuwa sahihi. Hakuwa amefika mahali ambapo mtu huambiwa kwamba mwenye uhai hufuata A-WA hata jina lake likianza na KI. Nilirudi, nikasahihisha mtihani wa katikati ya muhula huku maziwa yananitoka, na kati ya watoto 44, 31 walikuwa na kipofu kilichovuka barabara. Darasa hilo lilifanya KCSE mwaka 2022. Katika mitihani ya majaribio mwaka huohuo, karatasi ya pili, bado nilikutana na kifaranga "kilichokufa" kwa mdondo.

Wiki tano, Mhariri, na miaka mitatu na ushei ya kuzifuta. Kwa hiyo mzazi anaposema asiye na sifa asiingie darasani hata kwa muda mfupi, niko naye. Nilifanya kosa, nalifahamu, na nililifanya kwa sababu nilikuwa nalinda kitu ambacho hakikuwa changu hata kwenye karatasi.

Ninapoachana naye ni kwenye muda. Anataka kikomo cha muhula mmoja. Muhula mmoja wa nani?

Nina mtoto wa mjomba anayeishi Sacramento, California. Alisomea biashara hapa nyumbani, akaenda kule, na sasa riziki yake ni kushikilia madarasa ya walimu wasiofika. Kule kazi hiyo ina kibali chake rasmi. Wanakiita kibali cha siku 30. Ukitaka kukipata uwe na shahada ya kwanza, hata kama si ya ualimu, na alama za vidole vyako zipite kwenye ukaguzi wa polisi. Ukishakipata unaweza kuitwa shule yoyote, somo lolote, lakini huruhusiwi kupitisha siku 30 ukimshikilia mwalimu mmoja katika mwaka mmoja wa shule. Katika madarasa ya watoto wenye mahitaji maalum ni siku 20. Baada ya korona walimu walipoadimika waliurefusha muda huo hadi siku 60 kama dharura.

Niliposikia hayo mara ya kwanza nilimtumia ujumbe wa sauti nikimwambia, ninyi mko peponi. Akacheka. Akanieleza kisa cha darasa moja la watoto wa miaka kumi ambalo mwalimu wao alifanyiwa upasuaji. Alikaa nao siku zake 30, akayajua majina yote, akajua nani hali chakula cha mchana na nani anasoma kwa shida. Ijumaa ya siku ya 30 akawaaga. Jumatatu akaja mwingine. Huyo naye akaondoka, akaja wa tatu. Kufikia Krismasi watoto wale walikuwa wameona sura nne, na kila sura ilianza kwa kuuliza mmefika ukurasa gani.

Kikomo chao kimewekewa mtu. Kinamzuia asiyesomea ualimu asijifanye mwalimu wa kudumu, na hilo lina maana kwao kwa sababu kibali chao hakidai ualimu. Kwetu, mtu huyohuyo tayari anatakiwa awe amesomea na amesajiliwa. Tukimwekea muhula mmoja mtu kama mimi, mkuu wa shule atanitoa mwisho wa muhula na kuingiza mwingine kama mimi, mwenye nambari kama yangu, kwa 9,000 au pungufu. Darasa litapata sura mpya. Pengo litabaki palepale, ila sasa litakuwa halionekani, kwa sababu kila mmoja wetu atakuwa mpya.

Kikomo kiwekewe pengo. Hilo ndilo ninalolisema, na kama una nafasi ya mistari miwili tu, Mhariri, chapisha hiyo. Nafasi ya mwalimu ikishikiliwa kwa mihula mitatu mfululizo, awe ameshikilia mmoja au wameshikilia saba, ihesabiwe kuwa wazi na itangazwe. Anayeishikilia aombe kama wengine, na miaka yake darasani iwe na alama. Siombi nipewe bila kushindana. Nikishindwa na mwenye sifa kunizidi nitampa mtoto wa meza wangu na daftari la alama, nimwonyeshe nani anakaa mbele kwa sababu haoni ubaoni.

Likizo zenye mwisho unaojulikana ni jambo jingine na zisichanganywe na hili. Mwalimu wa TSC akienda likizo ya uzazi, siku anayorudi inajulikana kabla hajatoka. Makubaliano ya TSC na vyama vya walimu ya 2021 hadi 2025 yaliziongeza siku hizo kutoka 90 hadi 120. Miezi minne ni zaidi ya muhula mzima. Mtu anajua tangu mimba ina miezi minne kwamba darasa litahitaji mwalimu. Kwa nini mkuu atafute kwa simu Jumapili jioni? Ofisi ya elimu ya kila kaunti ndogo ingekuwa na orodha ya walimu waliosajiliwa walio tayari kuitwa, somo kwa somo, mkuu angechagua humo, na hakuna mtu angelazimika kumwita mhandisi wala mimi nisingemweka mtoto wa jirani. Orodha haihitaji jengo. Inahitaji kitabu na karani.

Najua wakuu wa shule watakachosema, kwa sababu wawili wameshaniambia. Wanasema mkilazimisha tangazo baada ya mihula mitatu, tutawasimamisha wote muhula wa pili ili hesabu ianze upya. Sishangai. Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa miezi miwili au zaidi anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua, na sote tunafahamu waajiri wanaowapumzisha watu siku chache kabla hesabu haijatimia kisha wakawarudisha. Ndiyo maana nasema hesabu isiangalie jina langu. Iangalie ratiba: kidato cha tatu, Historia, mwalimu wa TSC hayupo tangu lini? Ratiba inaweza kukaguliwa na afisa wa elimu kila muhula. Ukiniondoa mimi, ratiba haisahau.

Kuna jambo jingine ambalo nililijua nimechelewa, na mwalimu wa Sheria za Biashara aliyenieleza alinieleza akicheka. Katiba, kifungu cha 237, imeipa TSC kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri waliosajiliwa na kuwapeleka katika shule za umma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inapotaja kazi za bodi ya shule, inaipa mamlaka ya kuajiri na kulipa wafanyakazi wasio walimu. Wasio walimu. Mpishi wetu ana barua ya ajira, ina muhuri, inasema analipwa kiasi gani na likizo yake ni siku ngapi. Mlinzi anayo. Karani anayo. Mimi ninayefundisha watoto 130 sina, na kumbe si kwa ubaya wa mtu. Hakuna aliyejua aandike nini juu ya karatasi hiyo. Kwa hiyo kila tunapoitwa "walimu wa bodi", tunaitwa kwa jina la chombo ambacho sheria haikukipa kazi ya kutuajiri.

Na malipo yetu yanatoka wapi? Mzazi aliyeandika anajua, maana analipa. Kwetu ni shilingi 1,500 kwa mtoto kila muhula, zimeandikwa kwenye karatasi ya karo kama "motisha". Sasa napokea 13,000, lakini Aprili, Agosti na Desemba sipokei kitu kwa sababu shule zimefungwa. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona, wenzangu wa TSC waliendelea kupata mishahara yao, na haki yao. Mimi nilikaanga viazi karai barazani hadi Januari 2021. Wanafunzi wangu walikuja kununua, wakaniamkia "shikamoo mwalimu", nikawapa na pilipili ya juu.

Mwaka 2022 mvua zilipokosa tena, Ganze hakukuwa na mtu wa kulipa motisha. Mzazi mmoja alimleta jogoo ofisini, mkuu akaniita, akaniuliza kama nitamchukua kwa shilingi mia tano. Nilimchukua. Lakini kinachonikosesha usingizi si jogoo. Wiki ya tatu ya muhula mkuu husoma gwarideni majina ya wasiolipa, nao huenda nyumbani. Nikiingia darasani nakuta madawati tupu, na najua walifukuzwa kufuata nini. Wamekwenda kuutafuta mshahara wangu. Kisha jioni naulizwa kwa nini wastani wa Historia umeshuka.

Mzazi mwenzangu ananiona mimi ndiye mzigo wake. Simlaumu kwa hilo. Ukitazama karatasi ya karo, ni mimi kweli. Elimu ya msingi ni haki ambayo Katiba inaitaja kuwa ya bure na ya lazima, na serikali tangu 2008 inasema masomo ya sekondari za kutwa hayalipiwi. Mstari wa "motisha" ndio mahali ambapo ahadi hiyo inavujia, kimya kimya, mahali palipo na mvua na mahali pasipo na mvua sawasawa, ila pasipo na mvua ndipo watoto hurudishwa nyumbani.

Watu huniambia nivumilie, mambo yanabadilika. Mengine yamebadilika, nisiwe mchoyo wa kusema. Wenzetu wanagenzi wa Sekondari ya Msingi, walimu waliowekwa na TSC kwa mkataba wa muda kama wanaojifunza kazi, waliolipwa 20,000 kabla ya makato walikwenda mahakamani, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ikaamua kwamba kuwaweka walimu waliosajiliwa katika uanagenzi kulikiuka Katiba. Kesi iliendelea mbele, migomo ikaja, na Januari mwaka huu wa 2025 wale 46,000 wakaingia ajira ya kudumu. Niliwapigia makofi. Mmoja wao nilimfundisha mimi. Lakini wao walikuwa na mkataba wa kupeleka mahakamani na walikuwa na idadi, mtu angeweza kusema "wale 46,000". Sisi tuko wangapi? Kila shule inajua watano wake, au wanane wake. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka pengo lihesabiwe kwenye ratiba: huwezi kumwombea nafasi mtu ambaye hayumo katika kitabu chochote.

Mwaka huu hatuna kidato cha kwanza, kwa kuwa mtaala wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, na shule za jirani zimewapunguza wenzetu wa bodi. Januari 2026 gredi ya 10 ya mtaala mpya inaingia, madarasa yatajaa tena, na simu za Jumapili jioni zitaanza. Huu ndio wakati wa kuandika kanuni, kabla ya simu hizo kupigwa. Ikishaingia Februari kila mtu atakuwa na haraka.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana kulitokea jambo na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mwalimu wa Kiswahili, yuleyule niliyemshikilia mwaka 2018, ni mjamzito tena. Anatoka mwezi ujao. Mkuu aliniita akaniuliza kama namjua mtu, kwa kuwa mimi nina masomo 27 kwa wiki na siwezi kuongeza. Nilimpa nambari ya kijana wa jirani. Ameshamaliza chuo kikuu, Kiswahili na Dini, na mwaka huu amepata nambari yake ya TSC. Nilimpigia mwenyewe kwanza. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mtoto ambaye alizaliwa yeye akinishikilia, na sasa yuko darasa la kwanza. Nikamtania: kiboko kinaogelea? Akacheka sana. "Anaogelea, mwalimu. Anaogelea."

Kisha akauliza ni kwa muda gani.

Nimemwambia kwamba mkuu amesema miezi minne tu.

Wako,
Mwalimu wa bodi,
Ganze, Kilifi